Wimbo na Maelezo Yake: Mwongozo wa Kupeleka Muziki wa Arusha na Moshi Mtandaoni

Andika "Wanyika" kwenye programu yoyote ya muziki simuni. Utaletewa Simba Wanyika, Les Wanyika, Super Wanyika Stars na mikusanyo kadhaa yenye kava mpya. Kijana anayesikiliza kwa mara ya kwanza atadhani ni bendi moja ya zamani ya Kenya. Kwenye orodha ile hakuna kinachomwambia kwamba ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, walikuwa wanamuziki wa Tanga waliohamia Arusha mwaka 1970 wakaunda Arusha Jazz, na kwamba mwaka 1971 ndipo walipokwenda Mombasa na kuanza kujiita Simba Wanyika. Wala haoni popote kuwa Les Wanyika ni wanamuziki waliojitoa Simba Wanyika mwaka 1978. Nyimbo zimefika intaneti salama. Mji, watu na miaka havikufika nazo.

Enzi za santuri na kanda mambo hayo yalikaa kwenye kava: nani katunga, nani kapiga solo, studio ipi, mwaka gani. Siku hizi kava ni kipicha kidogo kwenye kioo cha simu, na mengine yote ni visanduku vya fomu ambavyo msanii huvijaza mbiombio usiku ili wimbo uwahi Ijumaa. Mwongozo huu unahusu visanduku hivyo, pamoja na yale yasiyo na kisanduku popote. Nawaandikia wasanii, maprodyuza na kwaya za Arusha na Moshi, kwa sababu huku kwetu wimbo mmoja unaweza kubeba lugha tatu, kipande cha wimbo wa jadi, na sauti za akina mama ambao hawajawahi kukanyaga studio. Muziki wa namna hiyo ukitoka bila maelezo unapoteza zaidi ya muziki mwingine.

Kuna maprodyuza wanaosema mashabiki hawasomi. Mashabiki wengi hawasomi, ni kweli. Wanaosoma ni wengine: mtambo unaoamua wimbo wako upendekezwe kwa nani, mtangazaji anayetafuta nyimbo za kipindi, mtayarishaji wa filamu anayetaka kujua aombe ruhusa kwa nani, na karani anayegawa mirabaha. Oktoba 2022 Apple Music ilitangaza kufikisha nyimbo milioni 100. Aprili 2025 Deezer ya Ufaransa ilisema asilimia 18 ya nyimbo zinazopakiwa kwake kila siku, zaidi ya 20,000, zimetengenezwa kwa akili mnemba tupu. Katika wingi huo, kinachoonyesha kuwa wimbo wako umetoka kwa watu fulani, mahali fulani, ni kile utakachokiandika wewe.

Hatua ya kwanza: daftari la wimbo, siku ileile ya kurekodi

Usisubiri siku ya kupakia. Siku hiyo hakuna anayekumbuka aliyepiga besi, na aliyeimba kiitikio ameshabadilisha namba ya simu. Fungua ukurasa kwenye daftari, au kwenye simu kama ndivyo unavyopenda, kabla watu hawajatawanyika. Andika:

- Jina la kila mtu aliyeshiriki, kama lilivyo kwenye kitambulisho chake cha NIDA, na kando yake jina la kisanii.
- Nani ametunga maneno, nani ametunga sauti ya wimbo, nani ametengeneza biti. Hizi ni kazi tatu tofauti hata kama mtu ni mmoja.
- Vyombo vilivyopigwa kwa mkono na mpigaji wa kila kimoja.
- Aliyerekodi, aliyefanya miksi, aliyefanya masta.
- Studio, mtaa, mji, tarehe.
- Lugha zote zilizotumika, na ni ubeti upi kwa lugha ipi.
- Kama kuna wimbo wa jadi au wa kanisa ndani yake: umetoka wapi, nani aliufundisha, nani alitoa idhini.

Piga na picha mbili tatu za watu wakiwa kazini. Zitakufaa baadaye.

Jina la kwenye kitambulisho nalisisitiza kwa sababu ya pesa. Mirabaha hulipwa kwa mtu mwenye akaunti ya benki au ya simu iliyosajiliwa, na jina la kisanii halifungui akaunti.

Thamani ya daftari hili inaonekana ukiangalia kazi ya Hugh Tracey, aliyepita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi ngoma na nyimbo za makabila mbalimbali. Mwaka 1954 alianzisha ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika iliyoko Afrika Kusini. Kila rekodi aliiandikia kadi: mahali, tarehe, kabila, chombo, jina la mwimbaji. Ndiyo maana rekodi zile zinaweza kutumika hadi leo. Lakini soma kadi zenyewe uone pengo lake: mara nyingi anatajwa kiongozi kwa jina, waliobaki wanaitwa tu wanaume au wanawake wa kabila fulani. Wajukuu wao hawana pa kuanzia kuwatafuta.

Kwaya, hili ni lenu hasa. Ukiandika "Kwaya ya Usharika" kwenye kila kisanduku umewafuta mwalimu aliyetunga, mwimbaji kiongozi na mpiga kinanda. Nyimbo za kwaya husafiri kutoka usharika hadi usharika, kutoka Machame hadi Kijenge, na jina la kwanza kupotea njiani ni la mtunzi. Andikeni orodha ya waimbaji wote wa siku ile. Kama ni arobaini, arobaini.

Hatua ya pili: mgawanyo

Hapa sirefushi. Kabla ya kupakia, kaeni mkubaliane asilimia: nani ana kiasi gani kwenye utunzi, nani ana kiasi gani kwenye rekodi. Andikeni, kila mtu atie saini, kila mtu abaki na nakala. Ujumbe wa WhatsApp ni bora kuliko kukosa kabisa, karatasi yenye saini ni bora zaidi. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo mnachokubaliana leo kitawahusu watoto wenu. Sajilini kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, mkiwa na karatasi hiyo mkononi.

Kama biti umeinunua mtandaoni, hifadhi risiti na leseni kwenye folda ya wimbo. Leseni ya bei rahisi kwa kawaida inaruhusu watu wengine wengi kutumia biti ileile. Wimbo wa namna hiyo usiuingize kwenye Content ID ya YouTube, mfumo unaotambua rekodi kwenye video za watu na kuzidai kwa niaba ya mwenye haki, maana utaanza kudai video za wasanii wengine walioinunua kihalali kama wewe, na wao watadai yako.

Hatua ya tatu: jina moja, tahajia moja

Chagua jinsi utakavyoandika jina lako, kisha usibadilishe tena. Herufi kubwa, nukta, alama ya dola badala ya S, vyote viwe vilevile kwenye kila wimbo, kila jukwaa, kila bango. Ukijiandika kwa namna tatu, programu itakutengenezea kurasa tatu na wasikilizaji watagawanyika humo.

Kabla ya kuamua, tafuta jina hilo Spotify, Apple Music, Boomplay, Audiomack na YouTube. Ukikuta kuna mwingine, hata kama ni wa Brazil na anapiga roki, badilisha sasa wakati hujulikani. Usipofanya hivyo nyimbo zako zinaweza kutua kwenye ukurasa wake. Wasambazaji wengi, yaani kampuni zinazopeleka wimbo wako kwenye majukwaa, wana sehemu ya kuchagua ukurasa upi ni wako. Usiipite bila kuijaza.

Jina la wimbo liwe jina la wimbo tu. Waliokushirikisha wana kisanduku chao, prodyuza ana chake. Maneno kama "ngoma mpya" au "official audio" hayaingii kwenye jina.

Hatua ya nne: fomu ya msambazaji

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, nami naomba ujipe jioni nzima. Utakachojaza kwenye fomu hii kinasambazwa kwenye majukwaa yote kwa pamoja. Kosa moja linatokea kila mahali, na kulirekebisha kunaweza kuchukua wiki.

Watunzi. Kisanduku cha mtunzi kinataka majina halisi, jina la kwanza na la ukoo. Wengi huandika jina la kisanii kwa sababu ndilo wanalolipenda. Weka jina la kwenye kitambulisho. Prodyuza aliyetunga biti ni mtunzi pia, isipokuwa mmekubaliana vingine kwa maandishi.

Wengine walioshiriki. Baadhi ya wasambazaji wana kitufe kidogo cha kuongeza washiriki: mpiga gitaa, mwitikiaji, fundi wa miksi. Kimefichwa na si lazima kukijaza, ndiyo maana hakijazwi. Kijaze. Spotify na Apple Music huonyesha sehemu ya majina haya kwa msikilizaji anayefungua maelezo ya wimbo, na kijana wa Unga Limited anayepiga gitaa kwenye nyimbo za watu kumi anahitaji ushahidi huo ili apate kazi ya kumi na moja.

Lugha. Chagua lugha iliyotawala kwenye wimbo. Kiswahili utakikuta kwenye orodha nyingi. Kimaasai au lugha za Kichagga huenda usizikute, na hapo wengi huchagua Kiingereza kwa sababu kiko juu ya orodha. Usifanye hivyo. Mtambo utaupeleka wimbo wako kwa watu wanaosubiri Kiingereza, wataupita baada ya sekunde chache, na mtambo utajifunza kuwa wimbo haupendwi. Ukikosa lugha yako, chagua Kiswahili au "nyingine", kisha taja lugha halisi kwenye maelezo. Na hapo kwenye maelezo usiishie kuandika "Kichagga". Mtu wa Rombo na mtu wa Machame wanajua tofauti, na msikilizaji aliye mbali anastahili kuijua. Andika Kimachame, Kivunjo, Kirombo, Kimochi. Lugha hizi zinatambuliwa kimataifa, kila moja na kifupi chake kwenye orodha ya ISO 639-3: Kimachame ni jmc, Kivunjo vun, Kirombo rof, Kimochi old. Kimeru cha Meru yetu ni rwk, Kimaasai ni mas. Vifupi hivi utavihitaji kwenye hifadhidata nitakayoitaja mbele.

Aina ya muziki. Tabia ya kuandika Afrobeats kwenye kila kitu kutoka Afrika inawaumiza wasanii wa huku. Kama unafanya hip hop, andika hip hop. Arusha ina hip hop yenye jina lake tangu X Plastaz walipoanza mwaka 1996, wakichanganya Kiswahili na Kimaasai, hadi albamu yao ikatolewa na OutHere Records ya Ujerumani mwaka 2004. Mtu anayetafuta sauti hiyo hatakuja kukutafuta kwenye Afrobeats.

ISRC. Hii ni namba ya utambulisho wa rekodi, yenye herufi na tarakimu 12: mbili za mwanzo za nchi, tatu za aliyesajiliwa, mbili za mwaka, tano za mfululizo. Msambazaji atakupa bure, na usishangae ikianza kwa QZ, ni mojawapo ya alama za Marekani. Jambo la kushika ni kwamba namba hii ni ya rekodi, haibadiliki rekodi ikihama. Ukitoa wimbo peke yake leo na mwakani ukauweka kwenye albamu, tumia ISRC ileile. Ukihama msambazaji, nenda nayo. Remiksi, au wimbo uleule ulioimbwa jukwaani, ni rekodi nyingine na unachukua namba mpya. Ukichanganya hapa, hesabu ya kusikilizwa inagawanyika, na tangu 2024 Spotify hailipi rekodi isiyofikisha usikilizwaji 1,000 ndani ya miezi 12. Wimbo uliogawanyika mara mbili unaweza kukosa kabisa malipo ambayo ungeyapata ukiwa mmoja.

Tarehe. Kuna tarehe ya kutoka sasa na tarehe ya kutoka mara ya kwanza. Kama unapakia kanda ya kwaya ya mwaka 1994, tarehe ya kwanza ni 1994. Ukiacha wazi, wimbo wa mwaka ule utaonekana wa juzi, na jambo lolote lililomo humo, jina la askofu, vita, ukame, litasomeka vibaya.

Alama ya ℗ ni ya mwenye rekodi, © ni ya mwenye kava na maandishi. Andika mwaka na jina la mwenye haki halisi. Kama studio ndiyo iliyogharamia rekodi, haya yawe yamo kwenye karatasi ya hatua ya pili.

Hatua ya tano: maneno ya wimbo

Andika mashairi mwenyewe. Usiwaachie mashabiki, na usiuachie mtambo wa kusikiliza na kuandika, maana Kiswahili cha mtaani Arusha kinauchanganya na Kimaasai kinaushinda kabisa. Musixmatch ndiyo inayopeleka mashairi kwenye Spotify na kwingineko, na msanii anaweza kujithibitisha humo akaandika yake. Apple Music hupokea mashairi kupitia msambazaji.

Andika kila ubeti kwa lugha uliyoimbiwa, kwa tahajia ambayo mzungumzaji wa lugha hiyo ataikubali. Kama hujui kuandika Kivunjo, tafuta mtu mzima anayejua, mlipe nauli na soda, kaa naye. Kazi hiyo ya saa moja ni ya thamani kuliko tangazo la kulipia. Kisha tayarisha tafsiri ya Kiswahili kwa ajili ya maelezo ya video, pamoja na maneno machache ambayo mgeni hatayapata kwenye tafsiri. Ukiimba kihamba, eleza kwamba ni shamba la nyumbani la migomba na kahawa ambalo familia hurithishana. Msikilizaji wa Mtwara anayejua Kiswahili vizuri kuliko wewe na mimi anaweza asijue uzito wa kugombea kihamba, na wimbo mzima unasimama juu ya uzito huo.

Wimbo wa jadi una jambo la ziada. Usijiandike mtunzi wa wimbo ambao bibi zako waliuimba. Andika "wa jadi", taja jamii na eneo, na kama umeongeza maneno au mpangilio jiandike mpangaji. Sheria ya 1999 inalinda sanaa za jadi pia, na matumizi ya kibiashara nje ya desturi yake yanataka idhini, kwa hiyo anza na Afisa Utamaduni wa halmashauri yako, yeye atakuelekeza BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Lakini kabla ya ofisi kuna wazee. Nyimbo nyingine ni za rika fulani au za shughuli fulani, hazichezwi baa. Waulize wenyewe, na walichokujibu kiandike kwenye daftari, pamoja na jina la aliyejibu.

Hatua ya sita: andika habari ya wimbo kwa vipimo vitatu

Fomu ya msambazaji haina mahali pa kusema kwa nini wimbo huu upo. Mahali pake ni kwingine, na kila mahali pana nafasi yake.

Kipimo cha kwanza ni herufi 500, za kumshawishi mhariri wa orodha za nyimbo wa Spotify. Unajaza kwenye Spotify for Artists kabla wimbo haujatoka, si baada ya kutoka. Ukiwahi angalau siku saba kabla, wafuasi wako wataupata kwenye Release Radar yao, orodha ya nyimbo mpya ambayo Spotify humwandalia kila msikilizaji. Maelezo ya namna hii hayamsaidii mhariri kitu: "Ngoma kali sana, mtoto wa Chuga amerudi, lazima iwe kubwa mwaka huu." Jaribu hivi:

"Wimbo wa Kiswahili na Kimaasai juu ya mama anayetoka Ngaramtoni alfajiri kuuza mboga soko la Kilombero. Kiitikio ni cha kupokezana kwa mtindo wa Kimaasai, kimeimbwa na wanawake wanane wa kikundi cha jirani. Gitaa limepigwa kwa mkono. Umerekodiwa Sakina, Arusha, Machi 2025. Unawafaa wanaosikiliza hip hop yenye sauti za asili na nyimbo za kazi."

Humo mna lugha, mada, mahali, vyombo, watu na msikilizaji. Mhariri anajua auweke wapi hata kabla ya kuusikiliza. Wimbo wa mapenzi nao una mambo yake: umetungwa lini, gitaa la nani, kuna tukio gani nyuma yake.

Kipimo cha pili ni herufi 1,500, wasifu wako wa Spotify. Sema unatoka wapi hasa, uliimba wapi kwanza, ulifanya kazi na nani, nyimbo zako zinahusu nini. Usinakili sifa ambazo kila msanii anajipa. "Alianza kuimba kwaya ya watoto Majengo, Moshi, akahamia hip hop alipokwenda Ngarenaro" inatosha kumfanya msomaji aendelee.

Kipimo cha tatu ni maelezo ya YouTube, yenye nafasi ya herufi 5,000. Hapa mwaga kila kitu: habari kamili, mashairi, tafsiri, majina yote ya kwenye daftari. Mistari miwili ya mwanzo ndiyo inayoonekana kabla mtu hajafungua, kwa hiyo viungo vya kununua visiwe juu kabisa, habari ya wimbo ikae hapo. Kwa tamasha la kwaya au albamu nzima kwenye video moja, weka alama za muda ili kila wimbo uonekane kwa jina: ya kwanza lazima iwe 00:00, ziwe tatu au zaidi, na kila sehemu isipungue sekunde 10. Andika jina la wimbo na la mtunzi kwenye kila alama. Watu wanatafuta wimbo mmoja wa mazishi au wa harusi, na wataupata kwa njia hiyo.

Ukiwa na muda, ingiza kazi zako MusicBrainz, hifadhidata huria ambayo mtu yeyote anaweza kuijaza bila malipo. Hapo utakuta nafasi ya mpiga kila chombo, studio, mahali, na lugha kwa vile vifupi nilivyovitaja. Kwa bendi na kwaya za zamani, naona hapa ndipo mahali pazuri zaidi kuanzia, kwa sababu huhitaji kumiliki haki ili uandike ukweli wa nani alipiga nini.

Hatua ya saba: wimbo unaotembea kwa mkono

Miongozo mingi huishia kwenye majukwaa, kana kwamba watu wote wana bando. Huku muziki bado unasafiri kwa flashi kwenye daladala za Usa River, kwa memori kadi kwenye redio za bodaboda, kwa WhatsApp ya ukoo, kwa kibanda cha kuingiza nyimbo karibu na stendi. Faili hilo haliungwi na ukurasa wowote wa msanii. Linabeba tu kilichoandikwa ndani yake.

Faili la MP3 lina nafasi ya maandishi iitwayo ID3, iliyobuniwa mwaka 1996. Toleo la kwanza lilikuwa baiti 128 tu, herufi 30 za jina la wimbo na 30 za msanii. Matoleo ya sasa yanabeba mashairi yote, picha ya kava, watunzi, mwaka na maoni. Pakua Mp3tag, programu ya kujaza maandishi hayo, kwenye kompyuta, fungua faili, jaza. Kwenye sehemu ya maoni andika mtaa, mji, namba ya simu ya kazi na ukurasa wako. Fanya hivyo kabla hujampa mtu yeyote nakala, hata rafiki, hata DJ.

Jina la faili liwe msanii, kisha wimbo, kisha mwaka. Faili liitwalo "final final masta 3" likitoka studio halirudi. Ukituma kwa WhatsApp tuma kama nyaraka ili jina libaki ulivyoliandika. Vibanda na tovuti za kupakua nyimbo mara nyingi huandika jina lao mahali pa msanii. Ukiwapelekea wewe mwenyewe faili lililojazwa vizuri, wengi hawahangaiki kulibadilisha.

Redio wapelekee folda: MP3, habari ya nusu ukurasa, na maelezo ya jinsi ya kutamka majina. Mtangazaji wa Dar es Salaam akikosea jina la kijiji chako hewani, wasikilizaji wa kijiji hicho wanasikia.

Hatua ya nane: baada ya wimbo kutoka

Siku ya kutoka, fungua kila jukwaa kwa simu ya mtu mwingine. Angalia ukurasa ni wako, majina yametimia, mashairi yanafuata sauti. Makosa yaripoti kwa msambazaji mara moja na uhifadhi ujumbe wenyewe. Wapelekee walioshiriki kiungo chenye majina yao, kila mmoja ajikague. Mara nyingi wao ndio hugundua kosa.

Hifadhi folda ya wimbo sehemu mbili, moja mtandaoni na moja kwenye diski: masta ya WAV, kava lenye ukubwa wa pikseli 3000 kwa 3000, biti peke yake, mashairi, mgawanyo wenye saini, picha za daftari, orodha ya ISRC. Wasambazaji wa malipo ya mwaka wana masharti tofauti kuhusu nyimbo za asiyelipa, baadhi huziondoa, hivyo tarehe ya kulipa iandikwe juu ya folda. Na mtu wa pili awe na nywila: ndugu, meneja, mwenzako wa kundi. Kwa kwaya, nywila ikae kwa katibu kwenye kumbukumbu za kwaya, isiwe kwenye simu ya mwalimu peke yake. Mwalimu akihamishiwa usharika mwingine, akaunti na daftari vikabidhiwe siku moja na funguo za chumba cha vyombo.